Mfuko Uliotangulia Bastola

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi, na hilo lilimfaa Naqib Ishaq wa polisi. Walimkamata Jumapili kwenye barabara ya Sohar, na bastola tatu ndani ya pipa la maji ya kunywa. Kufika Jumatano asubuhi alikuwa ameshazisifu zote tatu, moja moja, kana kwamba Ishaq amekuja kununua. Shida ilikuwa ya nne. Hiyo ilikwisha kuuzwa, na muuzaji hakumjua aliyeinunua. Waliandikiana kwenye simu tu.

Sajini Nawar alizitandaza karatasi za mazungumzo hayo juu ya meza. Alikuwa na Ishaq mwaka wa tano sasa, na bado alimsomea ushahidi kwa sauti ya mwalimu wa darasa la pili.

"'Nataka ndogo kuliko zote ulizonazo,'" alisoma. "'Isivimbe chini ya kitambaa chepesi. Na isizidi riali mia mbili na sabini, sina zaidi.'"

Muuzaji alikuwa amejitahidi kumridhisha. Kulikuwa na bastola ya risasi tano zinazokaa katika gurudumu, haikwami hata ikianguka mchangani, ila ina tumbo. Kulikuwa na bapa ya risasi nane, isiyoonekana kabisa nguoni, lakini bei yake ni mia nne, na kuivuta kunataka mkono wenye nguvu. Na kulikuwa na hiyo iliyokwisha kuuzwa, ndogo ya kuenea kiganjani, imekwaruzika ubavuni. Mtutu wa hiyo huinuka kwa kubonyeza kitufe, ukatia risasi bila ya kuvuta kitu. Mia mbili na themanini. Mnunuzi alipunguziwa kumi.

"'Kidole gumba cha kulia kinaniuma siku hizi,'" Nawar aliendelea. "'Hiyo ya kitufe nitaiweza?' Muuzaji anasema ataiweza. Anamuuliza ataichukua vipi, kwenye mkanda? Anajibiwa: 'Mfuko uko tayari. Nambie urefu wa bastola nione kama itaingia.' Halafu anamtumia picha ya mfuko."

Picha ilionyesha kitambaa cheusi kilichotandazwa, na mfuko mwembamba ulioshonwa upande wa ndani.

"Unaona nini?" aliuliza Ishaq.

"Watu hununua bastola kwanza, halafu ndo wakahangaika pa kuiweka. Huyu mfuko kautanguliza. Bastola anaitafuta kama mtu anayetafuta kifungo cha nguo iliyokwisha kushonwa." Aliweka ncha ya kalamu kwenye pembe ya mfuko. "Huyu ni mshonaji, Naqib. Na tazama hapa. Uzi mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu fundo la kijani."

"Uzi mweusi ulimwishia."

"Mshonaji wa namna hii haishiwi na uzi njiani. Hilo fundo kalitia makusudi, au kwa mazoea."

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa wiki iliyopita. 'Naihitaji kabla ya Jumatano. Jumatano laasiri nna mahali pa kwenda.' Ishaq aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano hiyo hiyo, na mahali fulani mjini mtu alikuwa na saa saba za kuishi, kama wao hawakufanya haraka.

Laini ya simu ya mnunuzi ilikuwa ya Maan, mwenye duka la magari Wattaya. Aliyeonekana kwenye kamera ya kituo cha mafuta Jumamosi, akipokea boksi la viatu, alikuwa dereva wake, Mkenya aitwaye Jared. Jared alikuwa ameshaletwa, na alikaa chumba cha pili akiikunja na kuikunja tena karatasi ya biskuti.

"Mimi ni dereva tu, mkubwa," alisema. "Mudir, bosi wangu, alinitumia message kwa ile simu yake ya zamani nikachukue boksi ya viatu pale petroli. Nikachukua, nikaiweka kwa kiti ya nyuma, khalas."

"Hukufungua?"

"Boksi si yangu, nifungue ya nini?"

"Gari ilikwenda wapi baadaye?"

"Bawshar kwa mama mkubwa, nikapeleka shopping. Halafu Qurum kwa madam mpya, ndio mudir alikuwa analala huko. Hiyo gari watu wote wa hizo nyumba mbili huifungua. Asubuhi boksi haikuwa." Aliinua macho. "Ni viatu, ama si viatu?"

Ishaq alikwisha kufika mlangoni.

*

Maan alikuwa amevuka hamsini na tano, na ndevu zake zilikuwa nyeusi kuliko za mtoto wake yeyote. Aliwakaribisha kwenye ofisi ya vioo katikati ya magari, akaagiza kahawa, akasema simu ile ni ya zamani na ameitupa kwenye droo.

"Droo ya nyumba ipi?" aliuliza Ishaq.

Maan aliutazama mlango. "Nna nyumba mbili."

"Nnajua. Ndo nikauliza."

"Sikumbuki. Nilikuwa nnahamahama. Nimeoa huu mwezi wa nne sasa."

"Mke mkubwa, Bi Muhsina, alipokea vipi?"

Hapo Maan alisahau kuwa anahojiwa. "Hakupokea. Miaka ishirini na tisa tumekaa, Naqib, namwambia nimeoa, ananiuliza kama nataka chai. Hata chozi. Hata mlango hakuubamiza." Alisema kwa uchungu wa mtu aliyenyimwa haki yake. Alitaka wake wawili, na alitaka waoneane wivu kwa ajili yake, na mmoja hakushughulika.

Nawar alikuwa akimtazama kichwani. Kofia ya Maan ilikuwa ya kushonwa kwa mkono, nyeupe, vitundu vyake vidogo vimejaa uzi wa rangi ya zafarani, na hakuna kimoja kilichompita mwenziwe.

"Mashaallah, kofia," alisema Nawar.

Uso wa Maan ulichanua. "Mkono wa Jawaher huu. Mke wangu mdogo. Kanipa mwezi mmoja tu baada ya ndoa."

"Kaishona kwa mwezi mmoja?"

"Mapenzi hayo, dada. Muhsina naye alikuwa akinishonea, siku zote ananishonea, siwezi kusema uongo. Lakini ukiitazama hii tu unajua ni mkono mwengine kabisa. Huu una uhai. Nnaivaa kazini, nikikaribia Bawshar nnabadilisha, za Muhsina zimo garini. Sitaki maneno."

"Nipe niitazame," alisema Ishaq.

Maan aliivua. Ishaq aliigeuza ndani nje, akaipitisha kidole pindoni mpaka akafika uzi unapoishia. Akampa Nawar. Fundo lilikuwa la kijani.

"Hii nitaichukua," alisema, na akaandika stakabadhi. "Utarejeshewa."

"Nitakaaje kichwa wazi mbele ya wateja?"

"Si umesema za Bi Muhsina zimo garini?"

*

Njiani kwenda Qurum Nawar hakuwa na furaha aliyopaswa kuwa nayo.

"Fundo ni lile lile," alisema Ishaq, akiendesha. "Aliyeshona kofia ndiye aliyeshona mfuko. Maan anasema kofia kashona Jawaher. Unataka nini zaidi?"

"Kofia ile haiishi chini ya miezi mitatu. Bibi yangu alikuwa akishona, mimi ndo niliyekuwa nikimtungia sindano. Kwa mwezi mmoja mtu hamalizi hata ukuta wake wa pembeni."

"Labda alianza kabla ya ndoa."

"Labda," alisema Nawar, kwa namna ambayo Ishaq alikwisha kuizoea.

Nyumba ya Jawaher ilikuwa na marumaru hadi kwenye ukumbi wa magari. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini, mjane kabla ya Maan kumwoa, mrefu, mzuri, na siku hiyo alikuwa na kazi nyingi: viti vilikuwa vikipangwa sebuleni, sinia zimepangwa, mtumishi anafukiza udi kwenye mapazia. Juu ya meza ya pembeni, mahali ambapo mgeni yeyote lazima apaone, kilikuwepo kikapu cha ushoni.

Ishaq alikiona, na aliona jambo jengine. Mkasi uliokuwemo bado ulikuwa umefungwa kwenye plastiki ya dukani.

"Nimesikia sifa za mkono wako, Bi Jawaher," alisema. "Mwenzangu hapa anapenda kujifunza. Mtilie vitundu vitatu aone."

"Sasa hivi? Nna wageni laasiri hii."

"Vitatu tu."

Nawar alimtungia sindano akampa. Jawaher aliishika kama mtu anayeshika kijiti cha kutolea uchafu wa sikio. Alitoboa mara moja, akatoboa mara ya pili penye kidole chake, akaiweka chini.

"Nimeinunua," alisema. "Mutrah. Kuna mzee mmoja ana duka la kofia, anazo saba za mkono huo, nikachukua nzuri kuliko zote. Kuna sharia inayokataza?"

"Hakuna. Kwa nini ulimwambia kashona mwenyewe?"

Jawaher alikinyonya kidole. Alipojibu, uzuri wote ulikuwa umempungua usoni. "Kwa sababu kila nyumba nnayoingia nnasikia jambo moja. Muhsina na mkono wake. Kofia za Muhsina. Hata Maan mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa yangu, anaamka asubuhi, kabla ya kunitazama mimi anaipangusa kofia yake. Basi nikamtafutia nyengine. Na nikasema mbele ya watu, kwenye harusi ya jamaa yetu Ghadeer, kuwa sasa anavaa ninazomshonea mimi. Muhsina alikuwepo. Nilitaka asikie."

"Akafanyaje?"

"Akatabasamu. Mimi nnataka ugomvi, yeye anatabasamu." Alikitazama chumba, viti na sinia. "Nikaona nimalize maneno. Leo nimemwalika na yeye pamoja na wenzake. Kaitikia. Kasema ataniletea zawadi, atanipa kwa mkono wake."

Ishaq alisimama. Ilikuwa saa saba na robo.

Nawar alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni. Alipoingia garini alikuwa bado anaongea na Jared.

"Ulishawahi kupeleka kofia Mutrah?"

"Ndio, madam. Za mama mkubwa. Saba. Tangu mudir aoe. Mzee wa duka ananipa pesa kwa bahasha, nampelekea mama."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza kofia. Mliuliza boksi."

*

Bi Muhsina aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa ameshavaa, abaya mpya nyeusi, mtandio umekaa sawa, wanja machoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya vazi, upande wa kiuno, na haukutoka alipowaamkia.

"Karibuni. Nilikuwa nnatoka, lakini mgeni harejeshwi mlangoni. Wewe wa kina nani, mwanangu?"

Ishaq alimtajia babu yake, na mtaa wa Unguja alikotoka babu huyo. Bi Muhsina alimjua shangazi yake. Walikaa. Kwenye sinia palikuwa na halwa, dele ya kahawa na vikombe. Nawar alichagua kiti cha pembeni, karibu na kiwiko cha mwenyeji. Hakuna aliyetaja bastola.

Ishaq alikuwa na jambo moja la kutegemea, nalo ni malezi ya mwanamke huyu. Dele, birika ya kahawa, hushikwa kwa mkono wa kushoto, kikombe hutolewa kwa wa kulia. Kumpa mgeni kikombe kwa kushoto ni kumtukana. Na mgeni asipokitikisa kikombe anaporudisha, mwenyeji hana budi kumimina tena.

Bi Muhsina aliitazama dele. Akamtazama Ishaq. Kisha akautoa mkono wa kulia polepole, mtupu, kidole gumba kimefungwa kitambaa, akampa kikombe.

Ishaq alikunywa, akarudisha bila ya kukitikisa. Akamiminiwa. Akanywa, akarudisha.

"Unapenda kahawa," alisema Bi Muhsina baada ya kikombe cha nne.

"Yako ina iliki nzuri. Kidole kimefanya nini?"

"Sindano. Miaka thalathini ya sindano. Sasa hata kifuniko cha chupa ananifungulia mtumishi."

"Bado unashona?"

"Nilikuwa nnashona kwa ajili ya mtu mmoja. Nilipoona hanihitaji, nikaziuza nilizomuwekea. Saba. Zile nilikuwa nimemuwekea za uzeeni, macho yangu yakija kuharibika." Alimimina cha tano. "Unajua nimefanya nini na pesa zake. Ingekuwa hujui, usingekaa ukanywa kahawa yote hii."

"Nnajua. Mia mbili na sabini."

"Zilikuwa hizo tu. Kofia saba, yule mzee mwizi." Alivuta pumzi. "Kuoa sikumkataza. Mola wake kamruhusu, mimi nani? Nilimpa chai. Lakini yule bibi kasimama mbele ya wanawake mia mbili akasema kichwa cha Maan sasa kimo mikononi mwake. Nyumba achukue. Usiku achukue. Kofia nilikuwa nazo mimi. Nina wivu, mwanangu, sikufichi, nna wivu unanitafuna nikila, unanitafuna nikisali. Kila kitundu anachomshonea nnakisikia kinanichoma mimi. Nnamwona amekaa kwenye taa, anatia uzi, na Maan yupo pembeni anamtazama, kama alivyokuwa akinitazama mimi tulipokuwa hatuna kitu."

"Kofia yenyewe umeiona?"

"Haivai hapa. Anabadilisha garini, anadhani sijui."

Ishaq alikirudisha kikombe cha tano, na safari hii alikitikisa. Nawar alisogea ukingoni mwa kiti. Ishaq aliitoa kofia kwenye mfuko wa ushahidi, akaiweka juu ya meza baina yao.

Bi Muhsina hakuigusa mara moja. Aliinama akaitazama kwa mbali, na midomo yake ikabana. Halafu aliitua dele, akaichukua kofia kwa mikono yote miwili, akaigeuza, na kidole chake kizima kikaenda moja kwa moja pindoni, pale pale, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika chumba chake mwenyewe. Kikasimama kwenye fundo la kijani.

"Hii yangu," alisema.

"Yako."

"Hii niliishona mwaka nilipofanyiwa upasuaji."

"Bi Jawaher hajui kushika sindano. Kainunua Mutrah, kwa yule mzee. Ulikuwa ukiuonea wivu mkono wako mwenyewe."

Bi Muhsina aliitandaza kofia juu ya goti. Nawar baadaye aliandika kwenye ripoti kuwa mtuhumiwa alionekana kutulia, na kwa dakika ile lilikuwa kweli. Mabega yalimshuka. Hata tabasamu lilimjia, jepesi, la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Maskini," alisema. "Kwa hivyo na yeye. Na yeye alikuwa akinionea mimi."

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na nilikuwa nnakwenda kumuua." Aliisugua kofia kwa kidole. Kisha kidole kikasita. "Na Maan?"

Ishaq aliitazama kofia.

"Maan kavaa hii miezi mitatu," alisema Bi Muhsina. "Kaivua usiku, kaivaa asubuhi. Hakuona?"

"Hakuona."

"Alisema nini? Umezungumza naye. Alikwambiaje?"

Ishaq angeweza kumdanganya. Lakini alikuwa mtu wa kuchukua maelezo, na maelezo aliyachukua kama yalivyo. "Alisema ukiitazama tu unajua si mkono wako. Alisema huu una uhai."

Bi Muhsina aliiweka kofia chini. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na mtu ndani yake.

"Miaka ishirini na tisa," alisema. "Nimeyatia macho yangu kichwani kwake, na hakujua hata mara moja amevaa nini."

Nje, gari lilipiga honi mara mbili getini. Maan alirudi nyumbani kula, siku hiyo kama siku zote, amechelewa. Lango lilisikika likifunguka, kisha mlango wa gari, kisha sauti yake akimwita mtumishi.

Mkono wa kulia wa Bi Muhsina ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Nawar alisimama. Ishaq alimwashiria asisogee. Viatu vya Maan vilisikika kwenye vigae, bila ya haraka, mtu anayekuja kwenye chakula chake. Bi Muhsina aliusikiliza mwendo huo, aliokuwa akiujua kuliko mtu yeyote duniani, macho yake yamekazwa mlangoni.

Akakitoa kitu kidogo cha kuenea kiganjani, kimekwaruzika ubavuni. Akakiweka juu ya sinia, pembeni ya halwa, na vidole vyake havikutaka kukiachia.

"Kichukueni," alisema. "Upesi, mwanangu. Kabla hajaingia."

Ishaq alikichukua.